Mama Mkwe Anasema Nilimwaibisha Ndani ya Ndege

BARUA

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Pasiansi hapa Mwanza, na kazi yangu hunilazimu kwenda Dar es Salaam kwa ndege mara kwa mara. Ninakuandikia kwa sababu jambo lililoanza kama kutoelewana kidogo njiani limegeuka kuwa kesi ya familia nzima, na limefufuka upya kwa kuwa tumepangiwa safari nyingine.

Miezi kadhaa iliyopita nilisafiri na mama mkwe wangu kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya shemeji yangu. Mama ni mtu wa Ukerewe, ziwa amelivuka kwa meli na mitumbwi maisha yake yote, lakini ndege alikuwa hajawahi kupanda. Ni mpole, ana heshima zake, na tangu nilipoolewa hatujawahi kukwaruzana mpaka siku hiyo.

La kwanza lilitokea kwenye kaunta ya kupimia mizigo. Nyuma yetu alisimama baba mmoja wa makamo, amevaa vizuri, ana maboksi mawili ya samaki yaliyozungushiwa solatepu. Alipoona kwamba sisi tuna begi moja tu, alituomba boksi lake moja lipimwe kwa jina letu kwa sababu kilo zake zilikuwa zimezidi. Mama aliitikia papo hapo, "Hakuna shida baba, sisi hatuna mzigo." Mimi nikakataa, tena mbele yao wote wawili. Yule baba alisema yameisha, lakini mama alinitupia jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Baadaye alisema kwamba nimelikana neno lake mbele ya mtu.

Ndani ya ndege tulimkuta mzee ameketi kwenye kiti cha mama, kile cha dirishani. Nilimwonyesha bodingi pasi, naye akajibu kwamba viti vyote ni vilevile na kwamba tukae popote. Niliposisitiza alihamia kiti chake cha nyuma huku akilalamika kuwa watoto wa siku hizi hawakulelewa. Muda wote huo mama alikuwa nyuma yangu akinivuta gauni na kuninong'oneza, "Mwache mzee wa watu."

Basi nikakaa kiti cha katikati, na kijana mmoja akaketi upande wa njia. Mama alimsalimia, lakini kijana hakuitikia kwa kuwa alikuwa na hedifoni masikioni. Mhudumu aliposimama kutuonyesha namna ya kufunga mkanda na kuvaa jaketi la kuokolea, mama aliniuliza kwa sauti ya kusikika, "Binti wa watu amesimama anazungumza, mbona hakuna anayemtazama?" Wakati huo mimi nilikuwa namalizia kutuma ujumbe kwenye simu.

Tulipokuwa angani mama alifungua kontena lake la sato wa kukaanga, lenye ndimu na pilipili, akamkaribisha kijana kwanza kama ilivyo desturi yetu. Kijana aliziba pua kwa kola ya fulana. Mimi kwa aibu nikalifunga kontena na kuliweka chini ya kiti, na mama hakula tena. Kijana naye alikuwa ameuchukua mkono wote wa kiti na kutanua magoti, hata nikasafiri nimekunja mikono tumboni. Lililoniumiza zaidi nilikuja kulijua tulipofika: mama alikuwa amebanwa na haja ndogo karibu safari yote, lakini aliona haya kumpita mwanamume magotini, wala hakuthubutu kuniambia. Tulipoanza kushuka masikio yalimuuma kiasi cha kunishika mkono kwa kucha. Ndege ilipogusa ardhi alipiga makofi na kumshukuru Mungu kwa sauti, nami nikamwambia anyamaze.

Mama ameyasimulia haya kwenye kikao cha ukoo. Mume wangu anasema nilipaswa kumfuata mama katika kila jambo kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Sasa wifi yangu aliyeko Dar amejifungua, na imeamuliwa kwamba mimi na mama twende tena kumwona. Mama ameshaanza kuandaa mzigo wa mzazi: dagaa, samaki wakavu na chupa ya samli, na anataka akae navyo mapajani. Je, nilikosa adabu? Nami nitasafiri naye vipi mara hii bila kuvunja heshima yake?

Mkwe mwenye mashaka,
Pasiansi, Mwanza

MAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako ina mambo mengi ndani yake, na hayana hukumu moja. Kuna ulipokuwa na haki kamili, kuna ulipokuwa na haki ukaitumia vibaya, na kuna sehemu moja ambapo mama mkwe wako aliwashinda abiria wote wa ndege ile kwa adabu. Mume wako anakosea anapotaka ukubwa wa umri uamue kila jambo, kwa sababu baadhi ya mambo hayo ni ya usalama, na usalama haujui mkwe wala mkwewe.

Tuanze na boksi la samaki, kwani hapo sina la kukuonea huruma wala la kukulaumu: ulifanya sawasawa. Mzigo ukishapimwa hubandikwa karatasi ndefu yenye jina la abiria na namba ya safari, na kipande kidogo cha karatasi hiyo hubandikwa kwenye bodingi pasi yako au kwenye bahasha ya tiketi. Kuanzia hapo mzigo ni wako mbele ya kila afisa utakayekutana naye. Pengine yule baba ni mtu mwema, na maboksi yale yalikuwa na sangara watupu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Hata hivyo, wewe hukuona yakifungwa, na endapo lingekutwa ndani yake jambo linaloangukia kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, swali la kwanza lingekuwa jina la nani limebandikwa juu, wala hakuna ambaye angeanza kwa kumtafuta mwungwana aliyekuwa nyuma yenu kwenye foleni. Na tuseme hakuna baya lolote ndani yake isipokuwa barafu. Barafu huyeyuka, maji ya samaki yakachuruzika juu ya mabegi ya watu, na mwenye kulaumiwa akawa ni yule yule aliyetajwa kwenye karatasi.

Ninafahamu kwa nini mama aliitikia haraka. Mtu aliyezoea kupanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, hawezi kumwona mwenzake ameelemewa na mzigo akageuza uso, na kwa mtu wa kisiwani hilo ni jambo la kila siku. Tofauti ni kwamba ukimshikia mtu kikapu wakati wa kupanda meli, kikapu hubaki kuwa chake, naye husimama hapo hapo karibu nawe. Kwenye ndege, kumsaidia kilo ni kuuchukua mzigo wake uwe wako kwa maandishi. Haya ndiyo ulipaswa kumweleza mama nyumbani kabla ya safari, ukiwa umekaa naye kwa utulivu, badala ya kuliacha jambo mpaka likutane nanyi kwenye kaunta. Mara hii mwambie mapema. Na ikitokea mtu akawaomba tena, mgeukie mama kwanza, umwombe ruhusa ya kuzungumza, kisha umwambie mwombaji: "Samahani baba, taratibu za usalama zinatutaka tupime tulichofunga wenyewe, lakini tutakushikia nafasi kwenye foleni ukalipie kilo zilizozidi." Mshikieni nafasi, boksi abaki nalo mwenyewe. Mama atakuwa ametoa msaada, na neno lake halitakuwa limekanwa.

Kuhusu kiti, hukumu yangu inakwenda pande mbili. Desturi ya kumpisha mzee kiti ilitokana na hali ambayo wewe na mimi tunaijua vizuri, yaani gari limejaa, kijana ameketi na mzee amesimama. Ndani ya ndege hakuna anayesimama. Kila mmoja amelipia kiti chenye namba yake, na mzee yule alikuwa na kiti chake hatua chache nyuma, kwa hiyo hakuwa na shida ya kupishwa. Alikuwa na hamu ya dirisha, jambo ambalo si kosa, ila hamu huombwa. Angesema, "Binti zangu, naomba nikae dirishani," mambo yangekuwa mengine kabisa. Isitoshe, kwenye ndege ndogo namba za viti zina maana zaidi ya kupanga watu, kwani mgawanyo wa uzito kati ya mbele na nyuma ni sehemu ya hesabu za rubani, ndiyo maana abiria wanapokuwa wachache mhudumu huweza kuwahamisha baadhi yao kabla ya kuruka.

Lakini kiti kile kilikuwa cha mama, hakikuwa chako, na mama alikuwa amekwisha kukiachia. Alikuvuta gauni, akakwambia umwache mzee. Mwenye haki ana ruhusa ya kuitoa haki yake, nawe uliitetea bila kumsikiliza mwenyewe. Hapa mama ana neno la haki juu yako, na ingefaa umwambie hivyo waziwazi. Siku nyingine likitokea, muulize mama kwanza anataka nini. Akitaka kiti chake, usibishane na mtu ukiwa umesimama juu ya kichwa chake huku abiria wengine wakisubiri nyuma yenu. Mwite mhudumu wa ndege. Hiyo ni sehemu ya kazi yake, na mzee akiondolewa na mhudumu hataona kwamba ameondolewa na mtoto.

Kwa njia, dhana ya kwamba mbele ndiko kwenye heshima haina nguvu kwenye kila ndege. Zile ndege za mapangaboi aina ya ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, kwa kuwa mbele ndiko iliko sehemu ya mizigo, kwa hiyo aliyepewa kiti cha nyuma kabisa ndiye anayetangulia kushuka. Nimeshuhudia watu wakigombea safu ya mbele kwa nguvu zote, kisha wakasubiri ndege nzima imalizike kushuka.

Kijana wa hedifoni alikosa. Ninajua kwamba ndani ya ndege kuna mvumo wa injini na kwamba huenda hakusikia, lakini mtu anayeketi safu moja na mama wa umri ule anapaswa kutoa shikamoo kabla ya kuziba masikio. Hapa ninawaunga mkono wakubwa bila kusita: salamu ni wajibu, mazungumzo ni hiari. Safari ya basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na mkikaa pamoja kutwa nzima hamna budi kujuana, kwa maana mtahitajiana njiani. Ndege hutumia takriban saa moja na nusu, na wengi huutumia muda huo kupumzika au kumaliza kazi. Mweleze mama kwamba mtu akinyamaza baada ya salamu hakumdharau.

Kwa habari ya mkono wa kiti, hakuna sheria iliyoandikwa, lakini wasafiri wengi wamekubaliana kwamba aliyeko katikati apewe mikono yote miwili, kwa sababu wa dirishani ana ukuta wa kuegemea na wa njiani ana nafasi ya kunyoosha mguu. Kijana aliyekuweka katikati ya mabega na magoti yake, tena wewe ukiwa mke wa mtu, alistahili kuambiwa, "Kaka, samahani, naomba nafasi ya mkono." Hayo ni maneno ya kawaida na hayana ugomvi ndani yake. Ulinyamaza kwa heshima, naye akadhani umeridhika.

Sasa nije kwenye mhudumu aliyesimama na jaketi la kuokolea. Swali la mama lilinigusa kuliko jambo lingine lolote katika barua yako. Mtu amesimama mbele ya watu wazima anaeleza namna ya kuokoa maisha yao, na wote wameinamisha vichwa kwenye simu, na wewe ukiwa miongoni mwao. Mama anatoka Ukerewe, mahali ambapo watu hawajasahau kivuko cha MV Nyerere kilivyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, kwa hiyo jaketi la kuokolea kwake si pambo. Nasi sote wa kanda hii tunakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Bukoba ilipoangukia ziwani karibu kabisa na uwanja, watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha, na wavuvi wakiwa wa kwanza kuwafikia walionusurika. Ndege inayotumia uwanja wa Mwanza iko jirani na maji wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Maelezo yale hayachukui hata dakika tano, na yana jambo moja ambalo mzoefu wa meli anaweza kulikosea: jaketi la kwenye ndege huvaliwa ndani lakini halijazwi upepo mpaka ufike mlangoni, kwa sababu maji yakiingia, aliyelijaza mapema atainuliwa hadi darini na kushindwa kuufikia mlango. Mara hii weka simu mbali na umsikilize mhudumu pamoja na mama.

Sato wa kukaanga ni suala la harufu, na harufu kwenye ndege haina pa kukimbilia, kwani madirisha hayafunguki. Katika ndege nyingi kubwa sehemu ya hewa ya ndani huchujwa na kurudishwa, lakini vichujio hivyo vimetengenezwa kunasa vumbi na vijidudu, na harufu ya samaki huweza kupita. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kutaka kontena lifungwe, lakini hukuwa sahihi kulifunga kwa mkono wako mbele ya mgeni aliyekwisha kuziba pua. Ulikuwa umejiunga na kijana dhidi ya mama yako. Yeye alifanya jambo jema la kukaribisha, na jibu la mtu aliyelelewa lilikuwa "Asante mama, nimeshiba," hata kama tumbo linamuuma kwa njaa. Mfungashieni mara hii maandazi, chapati, ndizi mbivu au viazi vitamu vya kuchemsha, naye aendelee kuwakaribisha majirani. Akisema chakula hakina chumvi, usidhani amekuwa mgumu wa kuridhika, kwa sababu hewa kavu ya ndani ya ndege, ambayo unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, hupunguza ladha ya vyakula mdomoni.

Jambo la msalani ndilo ambalo ningependa ulifanyie kazi kabla ya mengine yote, kwa maana limegusa mwili wa mama na haya yake kwa pamoja. Mwanamke mzima wa malezi ya zamani hatasema kwamba amebanwa, hasa kwa mke wa mwanawe, na hata akisema hatakubali kumpita mwanamume kwa kumkalia karibu na mapaja. Ukimpa dirisha ukidhani umempa heshima, kwa kweli umemfungia. Wakati wa kukata tiketi au kupokea bodingi pasi, omba mama apewe kiti cha upande wa njia nawe ukae pembeni yake. Ndege za mapangaboi huwa na viti viwili kila upande, kwa hiyo mtakuwa wawili tu na hakuna mgeni kati yenu. Kwenye Airbus A220 upande mmoja una viti viwili na mwingine vitatu, basi ombeni ule wa viwili. Akitaka dirisha kwa ajili ya kuliona ziwa, na hakika kuna raha kuviona visiwa vile kutoka juu, basi wewe ndiye uwe wa njiani, ili atakapotaka kutoka uinuke na kusimama kabisa kwenye njia. Mtu hapitwi magotini. Anayetoka hupishwa na aliyeketi kwa kusimama, na hilo lingetakiwa pia kwa kijana wa hedifoni.

Usimngoje aombe. Mwambie uwanjani, kabla hamjaitwa kupanda, "Mama, twende tukanawe mikono." Atakuelewa. Ndege ikishatulia angani na taa ya mikanda ikizimwa, sema wewe ndiye unataka kwenda, umwombe akusindikize, kisha umwonyeshe mlango. Milango mingi ya vyoo vya ndege hukunjika katikati, ambayo husukumwa pale kwenye mkunjo, na taa kamili huwaka pale tu komeo linapofungwa. Asipojua hilo atakaa gizani kwa hofu. Mweleze pia kwamba choo kile kikivutwa hutoa mngurumo mkubwa wa ghafla, kwa sababu uchafu hufyonzwa kwa nguvu ya hewa badala ya kusukumwa kwa maji mengi. Asiyeambiwa anaweza kudhani ameiharibu ndege. Na usikubali aache kunywa maji kwa kuogopa msalani, kwani mwili wa mtu mzima katika hewa kavu ile unayahitaji.

Masikio ni fundisho dogo la jiografia. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu huwekwa katika hali inayolingana na kuwa kwenye mlima wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa ya nje ya kiwambo cha sikio huzidi ule wa ndani, na mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo usipofunguka, kiwambo husukumwa ndani na kuuma. Ziwa letu liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, ilhali Dar es Salaam iko pwani, kwa hiyo masikio ya mtu anayetoka Mwanza yana safari ndefu zaidi ya kushuka anapokwenda kuliko anaporudi. Ndiyo sababu mama aliumia mlipokuwa mkitua Dar. Dawa yake ni kumeza mate, kupiga miayo, kutafuna bigijii au kumumunya pipi, kuanzia pale ndege inapoanza tu kushuka na kabla maumivu hayajafika. Njia nyingine ni kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza polepole bila nguvu. Asilale wakati wa kushuka, kwani aliyelala hamezi mate mara kwa mara. Akiwa na mafua makali siku hiyo, mwone daktari kwanza.

Makofi ya kutua usimkataze tena. Anayemshukuru Mungu kwa kufika hamsumbui mtu, na akianza mmoja mara nyingi huitikiwa na wengine. Kama unatafuta wa kukemewa, wapo wale wanaosimama na kufungua makabati ya juu wakati ndege bado inatembea, na begi likianguka huangukia kichwa cha mwenzao aliyetulia. Nyinyi kaeni mpaka taa ya mikanda izimwe. Kama magoti ya mama hayapendi ngazi, waarifuni wahusika wakati wa kukata tiketi ili aandaliwe kiti cha magurudumu, na asione haya kwa hilo.

Mume wako mwombe jambo moja tu, kwamba asiyapeleke tena mambo ya safari kwenye kikao. Wewe nenda kwa mama mwenyewe kabla ya siku ya safari. Mwombe radhi kwa kontena, kwa kumnyamazisha, na kwa kiti ambacho hukumuuliza. Kuhusu boksi usiombe radhi. Mweleze sababu na umwambie utakavyosema likitokea tena. Mama mwenye busara ataona kwamba umetenganisha mambo.

Na mzigo wa mzazi hauwezi kukaa mapajani, kwa sababu wakati wa kuruka na kutua kila mzigo lazima uwe kabatini juu, chini ya kiti cha mbele, au kwenye mizigo ya chini. Dagaa na samaki wakavu wafungwe kwenye mifuko miwili migumu, mmoja ndani ya mwingine, kisha waingie katikati ya nguo kwenye begi linalopimwa. Samli nayo iende chini, ndani ya chupa ya plastiki isiyojazwa hadi mdomoni, kifuniko kikizungushiwa solatepu, kwani joto la Dar huiyeyusha na ikimwagika hutia doa lisilotoka. Pimeni begi nyumbani kabla ya kwenda uwanjani, mlinganishe na kilo zilizoandikwa kwenye tiketi zenu mbili. Mama abaki na khanga ya mjukuu mkononi; hiyo anaweza kukaa nayo mapajani tangu Mwanza hadi Dar es Salaam.